Kwa Kabula, Kuhusu Transista Niliyoifuta

Kabula, mayu,

Nakusikia huko chumbani ukilifunga begi na kulifungua tena. Ukishalala nitazipitisha karatasi hizi chini ya mlango wako, uzikute ukiamka. Nakuomba uzisome kabla hujatoka kuja kunywa chai. Basi la Mwanza haliondoki kabla ya mizigo kupangwa juu, kwa hiyo muda utakuwepo.

Habari za shangazi yako, za chakula, za kulinda mkoba stendi, tumeshaziongea mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Katika hayo una akili kuliko mimi. Ninachotaka kukuandikia ni kile ambacho mimi na wewe tunakijua na hatujawahi kukitamka tangu mvua zilipoanza. Nazungumzia transista ya Dar. Najua kwamba unajua ni mimi niliyeifuta. Nilikuona siku ile ulipoitazama skrini ya kompyuta, kisha ukanitazama mimi niliyeshika birika la chai, kisha ukatazama chini. Ulinitazama mara moja tu. Tangu siku hiyo, kila ninapokuita mayu, yaani mama, kwa kuwa ulirithi jina la mama yangu, neno hilo naliona kubwa mdomoni mwangu.

Nianze na furaha, kwa sababu aibu yangu ilitoka humo humo.

Ni wewe uliyeniletea mume. Ile redio tuliyohama nayo kutoka Mwadui, aliyotuachia marehemu baba yako, ilipokufa sauti wewe ndiye uliyeibeba hadi dukani kwa Bwana Nurali hapa Kahama. Ukakaa kutwa kwenye benchi la mafundi ukitazama jinsi inavyofunguliwa. Jioni ukarudi mikono mitupu. Nikakuuliza redio iko wapi, ukanijibu, "Mama, kumbe ndani kuna transista. Zina miguu mitatu, na mguu mmoja ndio unaopokea amri." Mimi nauliza redio, wewe unanipa habari za miguu. Kesho yake nikaenda mwenyewe kuidai kwa hasira, nimevaa khanga ya nyumbani, na hapo ndipo nilipomwona Fundi Lameck kwa mara ya kwanza, miwani imefungwa kwa waya wa shaba upande mmoja.

"Redio imepona, Mama Kabula," aliniambia. "Ila huyu binti sijui kama nitakurudishia."

Nilicheka mpaka nikasahau kilichonipeleka. Nilikuwa mjane wa siku nyingi, Kabula. Watu walikuwa wakinisalimia kwa sauti ya msibani hata sokoni, na hapa alikuwepo mtu aliyenisalimia kama mtu. Naona haya kukuandikia wewe mambo haya, lakini umeyaona yote kwa macho yako. Umeniona nikipaka mafuta ya nazi jioni na kutega sikio kengele ya baiskeli yake, mwanamke wa umri wangu, mwenye binti aliyemaliza Kidato cha Nne. Umeniona nikicheka peke yangu jikoni. Umemwona akiosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka ile harufu ya dawa ya kuyeyushia shaba ya bodi itoke, ndipo aniguse kilemba. Tulipofunga ndoa, ukamwita Baba Fundi siku ile ile bila kuambiwa na mtu, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa raha. Mpaka leo ananiita bibi harusi mbele za watu. Au niseme, mpaka leo asubuhi.

Marehemu baba yako alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Lakini kusifiwa sikukuzoea. Nilipopika vizuri alikula, nilipopika vibaya alikula. Lameck akionja mboga hufumba macho. Akiniona nimeandika barua ya dukani kwa taipureta, huinua karatasi juu kwenye mwanga na kuwaambia wenzake, "Tazameni mstari ulivyonyooka." Mtu akianza kusifiwa akiwa na umri wangu hulewa, mayu. Mimi nililewa. Nikawa natafuta kitu kipya kila siku cha kumfanya afumbe macho.

Ndivyo nilivyofika kwenye ile maktaba.

Haya unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili uone kwamba sasa nimeyaelewa, kwa sababu wakati ule sikuyaelewa, nilidhani tu nayaelewa. Bwana Nurali aliponunua kompyuta kuukuu kutoka kambi ya watafiti wa madini iliyokuwa ikifungwa, ilikuja na programu ya kuchora bodi za umeme, na Lameck akajifunza kuitumia, na wewe ukajifunza pembeni yake mkagombania kiti. Zile taa za tyubu zinazotumia betri ya gari, ambazo wenye maduka na gesti za Bugarama walikuwa wakizigombea, bodi zake Lameck alikuwa akizichora kwa kalamu na rula. Sasa alizichora kwenye skrini. Na ndani ya programu kulikuwa na maktaba, yaani ghala la michoro ya vifaa: kila rezista, kila kapasita, kila transista ina jina lake, ina alama yake ya kuchorea, na ina picha ya matundu yake, kwamba mguu huu unaingia hapa na ule pale. Ukiita jina, programu inakuletea kifaa na matundu yake.

Lameck aliijaza maktaba ile kama fundi anavyojaza mifuko ya koti. Mimi nilipomsaidia kuchapa orodha za kuagizia vifaa, niliiona nikashangaa. Transista ndogo ile nyeusi iliandikwa NBI moja na DAR moja. Kapasita nyingine ziliitwa kwa jina la redio zilimong'olewa. Nyingine iliitwa YASOSPETER, kwa kuwa Sospeter, fundi mwenzake wa benchi, ndiye aliyeileta. Nilikuuliza NBI na DAR maana yake nini, ukaniambia, "Ya Nairobi na ya Dar, Mama. Mzigo unakuja kwa njia mbili." Nikaitika. Sikuuliza swali la pili. Kama ningeuliza la pili, tusingefika hapa.

Lameck alipokwenda Runzewe kufunga taa kwenye nyumba ya wageni, nawe ukawa kwa bibi yako shambani, nikaamua kumpa mume wangu zawadi ya arusi iliyochelewa. Nilipewa funguo za karakana nikakaa mbele ya ile kompyuta kutwa nzima, kila siku mpaka aliporudi. Nilipanga kila kitu kwa alfabeti. Niliyapa vifaa majina mazuri, marefu kadiri programu ilivyokubali. Pale penye nafasi ya maelezo niliandika maneno ya mapenzi ambayo sitayarudia hapa, najua uliyasoma na najua uliyafuta kabla Sospeter hajayaona. Na vile vilivyokuwa viwili viwili nilibakiza kimoja. NBI na DAR zilikuwa na alama ile ile. Matundu yake yalikuwa matatu kwenye mstari, kama mapacha. Nikaona Lameck amejichanganya, ameandika kitu kimoja mara mbili kwa sababu kimenunuliwa miji miwili. Nikaifuta ya Dar. Palipokuwa na ya Dar kwenye michoro yake nikaweka ile niliyobakiza, nikaipa jina TRANSISTA, nikaona raha kama mtu aliyefagia uwanja ukabaki na mistari ya ufagio.

Sasa najua. Ile ya Nairobi, mguu unaopokea amri uko katikati. Ile ya Dar, mguu huo uko pembeni. Nilipoibadilisha, programu ilihamisha njia ya amri kwenye bodi mpaka tundu la katikati. Kwa nje huwezi kuzitofautisha mpaka usome maandishi madogo usoni mwake. Mapacha, ndiyo, lakini mmoja anasikia kwa sikio jingine. Lameck hakuwa ameandika miji kwa uzembe. Kwa sisi wa huku, tunaopokea mzigo kutoka kaskazini na kutoka pwani, kuandika ulikotoka ndiyo njia fupi ya kujua miguu imekaaje. Wewe uliniambia na mimi nikasikia habari za malori tu.

Aliporudi nikamwonyesha. Alifumba macho, Kabula. Alisimama nyuma ya kiti changu akisoma yale majina akayafumba macho kabisa, akasema, "Nimeoa mke nikapata na ofisi." Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza kama chai ina sukari, "Michoro yenyewe hukuigusa?"

"Sikugusa," nikamwambia. "Nimepanga majina tu."

Siku ile sikuona kwamba nasema uongo. Kwangu mimi kufuta kilichozidi hakukuwa kugusa mchoro. Nataka uniamini hapo, ingawa sidai.

Yaliyofuata uliyaishi. Ikaja ile kazi ya misheni, taa za zahanati za huko mbele ya Runzewe, vyumba vya kujifungulia wajawazito, na zilitakiwa zifike kabla mvua hazijaifunga barabara. Bodi ile ilikuwa ya siku zote, ilishawaka mara nyingi, kwa hiyo Lameck hakuona haja ya kujaribu moja kwanza. Alichapa mchoro upya, mkaloweka shaba kwenye dawa, mkatoboa, mkapachika vifaa, mkaviunga vyote kwa risasi ya kuchomea. Transista zilizokuwepo wakati ule zilikuwa za Dar. Hakuna taa hata moja iliyowaka.

Nilikuwa nimeingia na birika. Lameck alikuwa ameinamia skrini, Bwana Nurali amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, Sospeter na wenzake kwenye benchi.

"Nani ameitoa ya Dar?" Lameck aliuliza. Hakunitazama mimi. Kwake mimi nilishajibu. Wiki ile ile alikuwa amekutuma wewe uongeze swichi mpya kwenye maktaba, na kila mtu pale alijua.

Ndipo ulipotazama skrini, ukanitazama, ukatazama chini.

"Labda ni mimi, Baba Fundi."

"Labda?"

"Ni mimi. Nilidhani imeandikwa mara mbili."

Hata kosa langu ulilijua lilivyotokea, ukalisimulia kwa niaba yangu neno kwa neno, na mimi nikamimina chai. Nakumbuka niliuliza nani hataki sukari. Kabula, mama yako aliuliza nani hataki sukari.

Lameck si mtu wa kufoka, na afadhali angefoka. Alisema taratibu, "Kazi hii haimtaki mtu wa kudhani," akavuta kile kiti mlichokuwa mkikigombania akakiweka upande wake. Sospeter naye, hana linalompita, akasema, "Basi huyu tumwite Mguu Pembeni." Wakacheka. Jina likashika. Hata yule mwuza karanga wa nje ya duka alikuwa akikuita, "Mguu Pembeni, leo hununui?" nawe unacheka naye, unanunua.

Kisha ukakaa kwenye kona ukazirekebisha zote. Ulichomoa kila transista, ukaupinda mguu mmoja juu ya mwingine, ukauvisha kipande cha plastiki cha waya usigusane na mwenzake, ukairudisha. Vidole vyako viliungua. Mimi nilikuwa nikikuletea vaselini. Taa zilipowaka, mvua zilikuwa zimeshaanza, na gari la misheni lilikwama njiani, na wale kina mama wa huko waliendelea kujifungua kwa kibatari mpaka barabara ilipokauka. Hakuna aliyetuletea habari ya msiba, na namshukuru Mungu, lakini sikuuliza sana, kwa sababu niliogopa kujibiwa.

Na ile safari yako ya Arusha, ya chuo cha ufundi. Bwana Nurali alikuwa ameshakubali kukuombea nafasi kwa jamaa zake, nao wakulee huko. Alikuwa akikuita "mhandisi wangu". Baada ya taa, alimwambia Lameck mbele yako, "Huyu mtoto tungoje kwanza, Fundi. Akomae." Ukaitika, "Ndiyo, Bwana." Tukangoja. Hakuna aliyesema tena. Shangazi yako alipoandika kwamba kuna mafunzo ya uchapaji Mwanza, wewe ndiye uliyesema ni vizuri, uchapaji nao ni kazi. Ulinitazama uone kama nitasema kitu, nikasema uchapaji hauna hasara. Nikakushonea na gauni la safari.

Nimejiuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Kwamba ndoa bado changa. Kwamba wewe ni kijana, utasahau. Kwamba nitamwambia faraghani, siku atakapokuwa na nafasi. Ukweli ni mmoja nao ni mdogo kuliko majibu yote: sikutaka ayafumbue macho. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimwona pale nyuma ya yale macho yaliyofumbwa, msafi, mwenye akili, anayenyoosha mstari, nami nilimpenda mwanamke huyo. Nilimlisha wewe ili aendelee kuishi.

Tena si mara ya kwanza kupenda unadhifu kuliko kitu chenyewe. Nilipokuwa sekondari nilipewa kutunza kabati la vitabu. Nikavipanga kwa rangi za majalada, bluu na bluu, nyekundu na nyekundu, toka kirefu mpaka kifupi. Wageni wa shule waliletwa kuliona kabati lile. Mwalimu wa biolojia alikuja kutafuta kitabu chake akakikosa, akapekua, akaondoka, akafundisha kwa kichwa. Kilikuwa kati ya vya kijani. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikumsaidia, kwa sababu kukitoa kungeacha pengo. Nilikuwa na umri kama wako. Ningekuwa nimejifunza siku ile kwamba kupanga ni kujua vitu vinatofautiana wapi, ungekuwa na mama mwingine.

Sikukuandikia ili unionee huruma. Nimekuandikia kwa sababu ya jambo nililofanya leo, wakati ulipokwenda kuwaaga wenzako, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwuza karanga.

Nilikwenda karakana saa ya chai. Nilipeleka birika kama siku zote, nikaliweka chini bila kumimina. Nilimwomba Bwana Nurali atoke kaunta aje, nikangoja mpaka akafika. Walikuwepo wote waliokuwepo siku ile, hata Sospeter na andazi lake.

Nikasema, "Aliyeifuta transista ya Dar ni mimi. Kabula hakuigusa."

Lameck akacheka kidogo. "Bibi harusi, unaumwa na safari ya mtoto. Hayo yamekwisha."

"Hayajakwisha. Niliifuta ukiwa Runzewe. Ukaniuliza kama nimegusa nikakuambia sikugusa. Siku taa zilipogoma nilijua ni mimi, nikamimina chai."

Akainuka. Akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Twende nyumbani tukaongee."

Ningependa kwenda, mayu. Nyumbani ningelia, angenifuta machozi, na yangeishia kitandani kama yanavyoishia mambo ya maarusi. Nikatoa kiwiko changu. Nikamwambia, "Kabula hakuambiwa nyumbani. Aliambiwa hapa."

Sospeter akalitazama andazi lake kama halijui. Mwishowe akasema, maana yeye kimya kinamwuma, "Sasa hili jina la Mguu Pembeni tumpe nani?"

"Nipeni mimi," nikasema. "Na mtoto wangu msimwite tena."

Hakucheka mtu. Sospeter akasema, "Tumesikia, Mama Kabula," na nadhani alimaanisha.

Bwana Nurali alikuwa amekaa juu ya kasha la betri, amekunja mikono. Akaniambia, "Mama, umeniweka pabaya. Mimi nilisema tungoje. Nilisema mbele yake, na yeye akaniitikia ndiyo bwana." Kisha akamgeukia Lameck. "Na wewe Fundi, miaka yote hii, mtoto ambaye hajawahi kupachika rezista vibaya, anakuambia labda ni mimi, unakubali? Na mimi nikakubali. Wazee wawili."

Lameck alikwenda kwenye bomba akaosha mikono. Haikuwa na uchafu. Aliiosha muda mrefu sana, mgongo wake kwetu. Aliporudi hakuniita bibi harusi wala Mama Kabula. Alikichukua kile kiti akakirudisha katikati, mbele ya kompyuta, akasema kwa wote na si kwangu, "Hiki ni chake. Akikaa, akikataa, ni chake." Kisha akarudi kwenye kazi yake, nami nikabeba birika langu nikatoka.

Jioni umetuona mezani. Uliuliza kama anaumwa. Haumwi. Anatafuta yule mwanamke aliyemwoa, na mimi siwezi kumsaidia kumtafuta. Naogopa, sikufichi. Nampenda, na sijui kesho kutwa atanitazamaje. Lakini hofu hii ni yangu, na mara hii sitakupa uibebe.

Bwana Nurali anasema nafasi ya Arusha mwaka huu pengine imeshapita, pengine haijapita, ataandika tena kwa jamaa zake. Anasema ukitaka, usipande basi la kesho, ungoje majibu hapa kwenye kiti chako. Ukitaka kwenda Mwanza, majibu atakutumia huko. Nimeombwa nikushauri na nimekataa. Siwezi kukufungia njia halafu nijifanye mimi ndiye ninayekuonyesha. Ukipanda basi kwa sababu hutaki kuiona karakana ile tena, nitaelewa. Ukipanda kwa sababu hutaki kuniona mimi, nitaelewa pia, na nitakupandishia begi. Nakuomba kitu kimoja tu: usichague kwa ajili ya kunifanya nilale vizuri. Umefanya hivyo vya kutosha. Nakuona tangu ukiwa mdogo, kikivunjika chombo wewe ndiye unayeinama kuokota vipande, hata kama ulikuwa chumba kingine. Nilikuwa nikijisifia kwa majirani kwamba nimezaa mtoto mpole. Sikuwahi kuuliza upole huo unakugharimu nini, kwa kuwa faida yake nilikuwa nikiipata mimi.

Kesho asubuhi, uwe unapanda basi au unabaki, Lameck atakusindikiza stendi, na Sospeter na Bwana Nurali wamesema watakuja. Ndivyo walivyopanga wenyewe. Lameck amenituma nikuambie jambo moja tu, kwamba kesho atasema kosa lake mbele ya watu, maana alikulaumu mbele ya watu. Mimi pia nitasema. Patakuwa na makuli, na wauza maji, na abiria wametoa vichwa madirishani, na Lameck si msemaji, atakwama katikati ya sentensi na kuanza kuivua miwani. Nami nitalia kabla sijafika popote.

Najua utakavyotaka kufanya. Utataka kutuokoa. Utacheka, utasema si kitu Baba Fundi, si kitu Mama, hayo yamepita, basi linaondoka. Usiseme, mayu. Simama hapo hapo, hata konda akipiga kelele, utuache tumalize.

Mama yako